Matembezi ya Mama Mkwe

Mdomo wa Nanyama ulikaa upande kwa siku moja, kisha ukarudi mahali pake. Watu wa nyumbani wakamshukuru Mungu, wakanywa chai yenye sukari nyingi, wakasema mambo yameisha. Daktari wa kliniki ya mjini Kitale ndiye peke yake aliyekataa kufurahi. Alimfunga mpira wa kupima presha mkononi, akapuliza, akatazama kipimo, kisha akapuliza tena kana kwamba kipimo kilikuwa kimemdanganya.

"Mama, mara hii mdomo umerudi," alisema. "Siku nyingine unaweza kukataa kurudi. Au uende na mkono na mguu."

"Sasa nifanye nini?"

"Dawa kila asubuhi. Chumvi kidogo sana. Na utembee."

"Mimi natembea, daktari. Naenda mtoni, naenda jikoni, naenda kanisa."

"Hiyo ni kazi. Nataka utembee bila kazi. Kila asubuhi kabla ya chai, haraka haraka, mpaka jasho litoke."

Nanyama akamgeukia mumewe. Wabwile alikuwa ameketi kando na kofia yake mapajani, mikono ikinuka mafuta ya trekta. Alikuwa fundi katika shamba la mbegu za mahindi nje kidogo ya mji, na maisha yake yote hakuwa ameona mtu mzima akitembea bila kwenda mahali, isipokuwa yule mwendawazimu wa sokoni.

"Anaenda wapi?" Wabwile aliuliza.

"Haendi mahali."

"Na akifika?"

"Anarudi."

Wabwile akavaa kofia yake. Alimheshimu daktari, lakini njiani kurudi alimwambia mkewe kwamba kusoma sana nako kuna hasara zake.

&nbsp;

Mwanzo ulikuwa mbaya. Asubuhi moja Nanyama alisahau dawa, asubuhi ya pili akasahau kutembea, na ya tatu akakumbuka vyote viwili akiwa ameshakunywa vikombe viwili vya chai. Akaona kwamba kichwa chake hakifai kutumwa. Basi akazitoa dawa kwenye bahasha akazitia ndani ya kopo la chumvi, ili kila mkono ukienda kutafuta chumvi ukutane na dawa na uone haya. Raba alizonunua mitumbani akaziweka mbele ya mlango, katikati kabisa, na asubuhi ilikuwa ama uzivae ama uanguke.

Barabara ilikuwa moja tu. Ilitoka kwenye kambi ya wafanyakazi ikaenda hadi kituo cha maziwa, tambarare, na kona moja ndogo katikati, mahindi ya mbegu kulia na kushoto. Njia nyingine iliteremka mtoni, na huko ungeanguka kabla ya kupona. Jioni haikuwezekana, maana mvua ya Kitale hunyesha alasiri na haiulizi nani ana presha.

Kilichobaki ni watu.

"Mama Nasimiyu, kuna msiba?" waliuliza walipomwona akipita mbio.

"Hapana."

"Sasa nani anakufukuza?"

Siku ya kwanza alisimama kumweleza kila mtu, akarudi nyumbani bila jasho. Jirani yake Jelimo ndiye aliyempa akili. Jelimo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu, na alikuwa akimcheka Nanyama tangu siku ya raba.

"Ati unatembea mikono mitupu! Mwanamke mikono mitupu asubuhi, si watu wataona umefukuzwa na mzee? Beba kikapu. Mwenye kikapu haulizwi."

Nanyama akabeba kikapu kitupu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Alipita na kikapu chake kama mtu mwenye shughuli kubwa, akagusa ukuta wa kituo cha maziwa, akarudi. Baada ya miezi michache daktari alipuliza ule mpira mara moja tu, akatabasamu.

"Sasa unanisikiliza," alisema.

"Si wewe ninayesikiliza, daktari. Ni kile kikopo cha chumvi."

&nbsp;

Furaha hiyo ndiyo iliyoleta taabu. Nasimiyu, binti yake, aliyeolewa Bungoma karibu na Kibabii, alikuja kumtembelea akamkuta mama amepungua, macho meupe, anacheka. Akataka kujua siri yote. Nanyama akamweleza raba, kopo, kikapu, kila kitu. Hakujua anajichimbia shimo.

Haukupita muda Nasimiyu akarudi, safari hii na habari.

"Mama, tumehamishwa! Tumeletwa Kitale. Mtu wangu ameandikwa karani kwa kituo cha maziwa. Nyumba yetu iko pale pale nyuma."

"Mungu ni mwema," Nanyama alisema. Kisha mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Kituo gani cha maziwa?"

"Hiki cha hapa. Na ngoja nikwambie. Si unajua vile amenona? Mkanda wake umebakisha tundu la mwisho. Daktari wa Bungoma amemwambia ana sukari. Basi nimemwanzishia mambo yako yote! Raba kwa mlango. Kuanzia kesho kabla ya chai anatoka, anatembea mpaka huku kwa kambi, anarudi. Hatakosa hata siku moja."

"Anatembea barabara gani?"

Nasimiyu akatazama nje, kwenye ile barabara moja.

Kwao, mama mkwe na mkwe hawaonani. Mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe, hali chakula chake, hataji jina lake, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Mama mzazi wa Nanyama aliaga dunia bila kuuona uso wa Wabwile, na kila mtu alisema alikuwa mwanamke mwenye heshima. Barabara ya mahindi ilikuwa na mwanzo mmoja na mwisho mmoja, na sasa mtu mmoja alikuwa anaanzia huku na mwingine kule.

&nbsp;

Walikutana asubuhi iliyofuata, palepale penye kona ndogo. Nanyama aliona mwili mkubwa wenye raba nyeupe ukimjia. Akajitupa ndani ya mahindi ya kulia, akachutama, leso juu ya kichwa. Nyongesa, mkwe wake, naye alikuwa amekwisha ingia mahindi ya kushoto. Barabara ikabaki tupu. Kila mmoja akangoja mwenzake apite, na hakuna aliyepita.

Jioni hiyo Nanyama alimtuma Jelimo kwa Nasimiyu. Kumpangia mkwe saa kungekuwa kama kumtuma kazi, kwa hiyo alijipangia mwenyewe: yeye atatoka mapema, kabla ya jua, mkwe abaki na saa yake nzuri. Jelimo alipofika alimkuta Nasimiyu akiwa na ujumbe wake tayari. Nyongesa alikuwa ameona si vizuri kumsumbua mama, kwa hiyo yeye atatoka mapema, kabla ya jua.

"Sasa mmoja abadilishe," alisema Jelimo.

"Mwambie mama abaki na saa ya kawaida, tafadhali," alisema Nyongesa kutoka chumba cha ndani.

Jelimo akarudi na neno hilo. Nanyama akasema haiwezekani, mkwe amtolee njia yeye? Huyo mtu ana kazi ya serikali. Yeye Nanyama ndiye atakayebadilisha, atoke akiwa amechelewa. Jelimo akaenda tena. Nyongesa alikuwa amelala, lakini kabla ya kulala alikuwa amemwambia mkewe kwamba atachelewa kutoka, kwa sababu ya heshima.

"Nyinyi watu," Jelimo alisema, akikaa chini kupumzisha miguu, "mnahitaji mmoja wenu awe na tabia mbaya."

Hakupatikana. Asubuhi baada ya asubuhi walikutana, na asubuhi baada ya asubuhi waliingia shambani, kulia na kushoto. Nanyama alijifunza kuruka mtaro. Alijifunza kukimbia akiwa ameinama. Alirudi nyumbani ameloa umande na jasho, akimlaani daktari, akimeza dawa, akila ugali na mboga isiyo na chumvi kwa hasira.

&nbsp;

Mahindi yakaanza kubeba, na shamba likaongeza askari. Mmoja wao alikuwa Kiplagat, mgeni kutoka upande wa Baringo, mwenye tumbo, bidii na filimbi. Alimkuta Nanyama amechutama katikati ya mistari, kikapu mkononi.

"Mama, toka. Nimekuona siku mingi. Unaingia, unatoka, unaingia."

"Sijagusa hata jani. Tazama, kikapu ni kitupu."

"Ni kitupu kwa sababu nimekukamata mapema. Toka!"

"Siwezi kutoka saa hii. Nangoja mtu apite."

"Mtu gani?"

Jina la mkwe halitoki mdomoni. "Yule," alisema Nanyama, akionyesha kwa kidevu.

Kiplagat akachungulia ng'ambo ya barabara. Katikati ya mahindi ya upande wa pili aliona mgongo mpana ukijaribu kuwa mwembamba.

"Kumbe mko wawili!" alisema, akapiga filimbi.

Aliwapeleka ofisini pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma, na hilo ndilo lililowaua zaidi. Nanyama alijifunika leso uso mzima, na kikapu juu yake. Nyongesa alivuta sweta likafunika kichwa, akawa anaongozwa kwa mkono kama kipofu. Watu wa zamu ya asubuhi walisimama kutazama. Baadaye Kiplagat alisimulia kwamba hajawahi kuona wezi wenye aibu kama hao.

Meneja Gichuki alitaka washukiwa wasimame mbele ya meza.

"Bwana meneja," sauti ya Nyongesa ilitoka ndani ya sweta, "naomba nijibie nje. Kupitia dirisha."

"Kwa nini?"

"Huyo mama akiwa ndani, mimi siwezi kuwa ndani."

"Mligombana juu ya mgao?"

"Hapana, mzee. Tunaheshimiana."

Gichuki akaweka kalamu chini. Wabwile akaitwa kutoka karakana, akaja akifuta mikono kwa kitambaa, akaeleza akitazama sakafu: mke wake ana presha, mkwe wake ana sukari, barabara ni moja. Gichuki alicheka mpaka akafuta macho. Wabwile alisimama akingoja amalize. Ilichukua muda, na muda wote huo Nanyama aliitazama sakafu ile ile kupitia tundu la leso.

Kisha meneja akaacha kucheka.

"Nimeamini. Lakini haya ni mahindi ya mbegu, fundi, si ya kujifichia. Watembee barabarani kama watu. Mama akionekana ndani tena, utatafuta nyumba ingine ya kulala."

&nbsp;

"Basi acha," Wabwile alisema usiku ulipoingia. "Kwani zamani watu walikuwa wanatembea?"

Nanyama akaacha. Aliziweka raba chini ya kitanda. Mwanzoni aliona raha kukaa na kikombe asubuhi kama mke wa mtu. Halafu kisogo kikaanza kumgonga. Halafu siku moja akiwa anachambua mboga vidole vya kushoto vikafa ganzi, akavitazama kama vya mtu mwingine. Jelimo alimkuta hivyo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alikwenda moja kwa moja kumwita Nasimiyu.

Nasimiyu alilia mlangoni. "Mama, mdomo wako ukienda upande na mimi niko hapa karibu, nitawaambia watu nini? Kwamba ulikufa kwa heshima? Si kuna ile ya mbuzi?"

Ilikuwapo. Mkwe angeweza kuleta mbuzi na blanketi, wazee wale, na baada ya hapo wangesalimiana kwa mkono kama watu wengine. Walioifanya walikuwa wachache, na watu waliwasema.

"Mama yangu hakufanya," alisema Nanyama.

"Mama yako hakuwa na presha."

"Nitauza heshima yangu kwa sababu ya raba?"

Lakini alisema hivyo huku akijisugua vidole, na Wabwile aliona. Akatuma neno Sirisia kwa kaka yake Festus. Festus hakusikia vizuri habari ya ugonjwa, lakini habari ya mbuzi aliisikia sawasawa, akafika Jumamosi asubuhi na wazee wawili zaidi ya waliotarajiwa.

Nyongesa alileta mbuzi mnono na blanketi jekundu. Nyama ikachemshwa na chumvi ya kutosha, mchuzi ukaelea mafuta. Nanyama alionja akaweka bakuli chini.

"Shemeji, mbuzi wa salamu hakataliwi," alisema Festus, mdomo umejaa. "Ukikataa mchuzi umekataa mkwe."

"Daktari alisema..."

"Daktari ni wa ukoo gani?"

Akanywa mchuzi wote. Kisha wakasimamishwa wawili, katikati ya watu. Nanyama alishusha leso polepole. Nyongesa alinyoosha mkono, akainua macho, akashtuka. Uso ule aliujua. Ulikuwa uso wa Nasimiyu siku akikasirika.

"Mulembe, mama," Nyongesa alimsalimia kwa salamu ya kwao.

"Mulembe, mwanangu."

Nasimiyu alilia tena. Hata Jelimo alifuta jicho, kisha akasema ni moshi.

&nbsp;

Barabara sasa ilikuwa huru. Asubuhi ya kwanza walikutana penye kona, wakasimama. Mkwe mwenye adabu hampiti mama mkwe kwa salamu ya neno moja. Nyongesa akauliza hali ya mzee Wabwile, ya Festus na mguu wake, ya mvua ya Sirisia, ya ng'ombe mmoja mmoja. Nanyama naye akauliza watu wa Kibabii, akianzia kwa mama wa Nyongesa na kushuka hadi kwa shangazi aliyefanya biashara Lwakhakha. Walipomaliza jua lilikuwa juu na kila mmoja akarudi alikotoka.

Siku nyingine Nyongesa aliona si vizuri mama asimame. Akatafuta jiwe zuri, akatandika sweta. Baadaye akaona si vizuri mama akae kinywa kikavu, akaja na chupa ya chai. Halafu mandazi. Walikuwa na miaka mingi ya kutoongea, na waligundua wanapendana sana. Kiplagat alipopita walimkaribisha, akawa anakaa nao. Watu wa kambi wakasema wamemwona mama na mkwe wenye umoja, hakuna mfano.

Daktari alipuliza mpira. Akapuliza tena.

"Mama, umeacha kutembea?"

"Sikosi hata siku moja."

"Hii presha imerudi juu. Umefika pale ulipokuwa siku mdomo ulipoenda upande. Ile miezi ya kati ilikuwa nzuri kabisa, nzuri kuliko ya wagonjwa wangu wote. Ulikuwa unafanya nini?"

Nanyama alifikiri. Alitaka kusema maneno ya maana, lakini ukweli ulikuwa mmoja tu.

"Nilikuwa namkimbia mkwe wangu."

Daktari hakucheka. Alilegeza ule mpira polepole. "Na sasa?"

"Sasa tumekula mbuzi."

"Basi mama, mimi sijui mambo ya mbuzi. Lakini ukiendelea hivi, mwaka huu hutaumaliza kwa miguu yako."

Nanyama alitoka kliniki. Alimfikiria Festus. Angeweza kumuuliza kama salamu ikishafunguliwa hufungika tena, lakini alijua jibu, na alijua lingehitaji mbuzi mwingine.

Asubuhi iliyofuata Nyongesa alikuwa amekwisha tandika sweta juu ya jiwe. Chupa ilikuwa wazi, mvuke unatoka.

"Mulembe, mama!"

"Mulembe," alisema Nanyama, akampita.

Hakusimama. Hakupunguza hata hatua. Hakuna tusi ambalo mama mkwe angeweza kumpa mkwe kubwa kuliko hilo, na alilijua lilipokuwa likitoka miguuni mwake. Nyongesa alibaki na kikombe mkononi. Mandazi yalianguka.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nataka kuishi. Ukitaka kunisalimia, nifuate!"

Akafuata. Mwanzoni alitembea, kisha ikabidi akimbie kidogo, tumbo likitangulia na kurudi. Watu waliokuwa wakipeleka maziwa waliweka madebe chini. Walimwona mama mtu mzima, leso imefungwa kiunoni, anaenda kasi bila kugeuka, na nyuma yake mkwe wake anahema na kupiga kelele.

"Si nilisema ile mbuzi ilikuwa ya haraka?" mmoja alisema. "Sasa ona. Anamdai mahari irudi."

"Bana, mwite soja, ataua mama ya watu!"

Kiplagat hakungoja kuitwa. Alitoka mbio kwenye kibanda chake na tumbo lake na filimbi yake, akawafuata akiwaamuru wasimame kwa jina la shamba. Hakuna aliyesimama. Aibu ilimpanda Nanyama mpaka masikioni, ikakutana na jasho lililokuwa likishuka, naye akaongeza mwendo.

"Na yule ng'ombe mweusi wa Kibabii," aliuliza bila kugeuza kichwa, "alizaa?"

"Alizaa, mama!" Nyongesa alijibu kutoka mbali. "Dume!"